Homa ya shemeji haishuki: malaria tumetibu, taifodi tumetibu, sasa ni nini?

Mpiga Kasia
Wakuu, habari za asubuhi. Niko Kayenze, Ilemela. Shemeji yangu, kijana wa miaka 22, ametoka Dodoma kunisaidia kazi ya dagaa, huu ni mwezi wa pili. Wiki mbili zilizopita homa ikaanza: jioni anatetemeka, usiku analowa jasho, asubuhi anaamka kama hakuna kitu. Kichwa, viungo, tumbo linasokota. Zahanati kipimo cha haraka kikasema malaria. Akameza dawa mseto siku 3, nimemsimamia mwenyewe. Homa ikarudi. Duka la dawa wakampima tena, malaria bado ipo, na taifodi "ipo kwa mbali". Ameanza sipro, leo siku ya 5, homa palepale na sasa ana kikohozi kikavu. Mama mkwe anapiga simu kila saa, anasema mwanawe amerogwa huku kwetu.

Sangara Mbichi
Malaria sugu hiyo mkuu. Chemsha mwarobaini, glasi asubuhi na jioni.

Dada wa Darubini
Niko maabara, naomba mwarobaini usubiri. Kipimo cha haraka hakimwoni mdudu, kinanasa protini yake kwenye damu. Mdudu akifa, protini inaweza kubaki wiki kadhaa, kwa hiyo kumrudishia kipimo kilekile baada ya dozi hakukwambii kitu. Hapo inatakiwa BS, damu isomwe kwa darubini. Hiyo "kwa mbali" nayo ni Widal, inapima kinga za mwili, na mtu mzima wa afya anaweza kusoma hivyohivyo. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu, na sipro aliyokwisha kumeza inaweza kuficha majibu. Anaoga wapi? Alipata muwasho alipoanza kuingia majini?

Mpiga Kasia
Ziwani, dada, kila siku. Wiki ya kwanza miguu ilimwasha, tukamcheka kwamba mbu wanapenda wageni. Juzi mwili mzima ulivimba vipele, jioni vikapotea.

Dada wa Darubini
Mwulizeni daktari kuhusu kichocho. Vimelea vinatoka kwa konokono wa majini, vinapenya ngozi, na wiki kadhaa baadaye mgeni anapata homa kama hiyo. Sisi tuliokulia majini haitupati sana. Ombeni picha kamili ya damu, waangalie eosinofili, chembe nyeupe zinazopanda kwa minyoo na mzio. Malaria na taifodi kwa kawaida hazizipandishi. Choo kipimwe pia, ila mayai yakikosekana msione yameisha, huenda minyoo bado haijaanza kutaga.

Kijana wa Nansio
Kichocho si mpaka ukojoe damu?

Dada wa Darubini
Hicho cha kibofu. Huku ufukweni kinachotutesa zaidi ni cha matumbo.

Mzee wa Igoma
Na dengi msiisahau. Mpaka ijulikane, ameze paracetamol tu, diklofenaki na asprini aziache. Akichanganyikiwa, akakakamaa shingo, akatapika kila kitu au akatoka damu, usije kuandika hapa, mkimbize hospitali. Jirani zetu Kagera walipata Marburg, homa kali ya virusi inayoambukizwa kwa kugusana, 2023 na 2025, kwa hiyo daktari akiuliza kijana amepita wapi na amemgusa nani, mjibuni bila kuficha.

Mpiga Kasia
MREJESHO: BS haina mdudu. Eosinofili ziko juu sana, choo hakina mayai. Daktari kasema ni kichocho kichanga. Kampa dawa ya kutuliza mwili, kisha prazikwanteli, na baada ya wiki kadhaa arudi ameze tena, kwa sababu dawa hiyo haiui vizuri minyoo michanga. Jana amelala bila jasho. Dada wa Darubini, ukipita Kayenze dagaa wako wapo.

Mama mkwe nimemweleza habari za konokono. Anauliza nani kawatuma.