Prodyuza anataka tuondoe kisiagi kwenye albamu yetu ya roki. Tukubali?

Binti wa Dramu

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri kabla bendi haijavunjika.

Tuko wanne, tunapiga roki hapa Kisumu, na wawili kati yetu bado wanaambiwa na mama zao kwamba huo ni muziki wa mashetani. Mwaka jana tulikosa pesa za studio, tukarekodi nyimbo nane kwenye stoo iliyo nyuma ya kisiagi cha mjomba wangu, Kombewa. Maiki mbili, laptopu moja, magodoro matatu ukutani. Sasa nyuma ya ukuta huo ndipo ilipo injini, Lister ya dizeli ya enzi za babu, tak-tak-tak kutwa nzima. Siku ya kwanza tulingoja mjomba afunge. Siku ya tatu nikachoka kungoja, nikaanza kupiga dramu nikiifuata injini. Basi ikawa ndiyo albamu. Gitaa linakoroma, orutu, ile fidla ya Kijaluo, ya kijana mmoja kutoka Seme inalia kwa uzi wake mmoja, na chini ya yote kuna kisiagi. Wimbo wa tano hauna hata gitaa, ni mvua kwenye mabati na mtu akipepeta mahindi.

Prodyuza mmoja wa Nairobi (simtaji) amesikiliza. Anasema mwimbaji wetu ana sauti, lakini "kelele" zitoke na dramu zirekodiwe upya kwa mwendo wa kompyuta, maana mwendo wetu unayumba. Kuyumba unayumba kweli. Mteja akimwaga debe la mahindi injini inalemewa, inapunguza kasi, halafu inajivuta tena, nami napungua nayo. Mwimbaji na mpiga besi wanataka twende. Mimi na mpiga gitaa hatutaki.

La pili. Kwenye wimbo wa saba kuna bibi mmoja mteja, sote twamwita Dani, anamfokea mjomba kwamba shilingi kumi kusaga gorogoro (kopo la kupimia mahindi) ni wizi wa mchana. Hakujua tunarekodi. Hakuna kipande kitamu kuliko hicho kwenye albamu nzima. Tukitoe tu, au tumtafute?

Omera Kondele

Roki na kisiagi? Kwani kiingilio ni unga? Weka kipande tusikie.

Fundi Sauti

Dada, kwanza angalia kibati kwenye injini. Lister za mtindo wa 6/1 huzunguka mara 650 kwa dakika. Injini ya namna hiyo hulipuka mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo masikio yako yalikuwa yanapata mapigo 325 kwa dakika. Ukiyagawa kwa mbili unapata 162 na nusu, na huo ni mwendo mzuri tu wa roki. Hukuwa unabahatisha, ulikuwa na mpiga dramu mwenzako nyuma ya ukuta.

Kuhusu "kuondoa kelele", huyo prodyuza anaongea kama mtu anayefuta meza. Injini iko ndani ya kila maiki. Programu itakayoitoa itakula na matoazi, na sauti ya mwimbaji itabaki kama mtu aliye ndani ya mtungi. Na mkirekodi dramu upya kwa mwendo wa mashine, injini haitalingana nazo hata kwa dakika moja, italazimika kutoka yote. Hapo mmerekodi albamu nyingine. Inaweza kuwa nzuri, lakini si hii.

Mimi ningempa kazi ndogo: achanganye sauti, aupandishe uimbaji, apunguze ule mvumo wa stima wa hezi 50. Mpelekee mafaili ya WAV, si MP3. Na leo hii, kabla hujalala, nakili kila kitu kwenye diski nyingine ikae nyumba nyingine. Nimeona albamu ikifa na laptopu iliyoibwa ndani ya matatu.

Besi Nakuru

Niwatetee waliokosa mtetezi hapa. Mimi pia ni mpiga besi. Mwimbaji wenu pengine ataitwa na prodyuza mara moja tu maishani, na nyinyi mnamwambia abaki kwenye stoo ya mahindi. Suala kwangu si kelele, ni nani analipa. Kama studio ni bure, muulizeni rekodi itakuwa mali ya nani. Akijibu "tutaongea baadaye", rudini Kombewa.

Mpenda Ohangla

Roki ni ya wazungu. Pigeni ohangla, ngoma yetu Wajaluo, mle.

Binti wa Dramu

@Mpenda Ohangla, wimbo wa pili ni ohangla. Ndiyo maana mama wa mpiga gitaa aliusikiliza mpaka mwisho.

Nusu Wakili

Nianze na Nairobi. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi yenu inalindwa tangu iliporekodiwa. Kuisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, si sharti, lakini kunawapa ushahidi, na ni heri muwe nao kabla hamjapanda basi. Ulinzi wa rekodi ya sauti ni wa miaka 50, kwa hiyo msitie sahihi jambo la miaka 50 kwa sababu ya chakula cha mchana.

Dani hakuimba, aligomba. Lakini Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha yake, na tangu 2019 kuna sheria ya kulinda data ya mtu. Mwombeni. Mwandike kwa Dholuo, asomewe mbele ya mtu anayemwamini.

Ila kuna mtu umempita haraka. Kijana wa orutu. Yeye ni mwanamuziki aliyepiga kwenye rekodi, ana haki zake. Mlikubaliana nini?

Binti wa Dramu

Umenishika pabaya. Tulimpa nauli na samaki.

Nyar Seme

Samaki! Mtafuteni huyo mtoto wa kwetu kabla ya huyo wa Nairobi. Na kwa Dani usitangulize karatasi, tanguliza sukari.

Kapu la Kanda

Msiwalenge watu wa redio kwanza. Duma, wale wawili wa Nairobi wenye kelele kuliko kisiagi chenu, albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, si na watu wa redio. Wasikilizaji wa vitu vya ajabu wapo, wametawanyika tu. Bandcamp, tovuti ya wanamuziki kuuza kazi zao wenyewe, hukata asilimia 15 ya mauzo ya mtandaoni, pesa huingia PayPal, na kutoka PayPal unazitoa kwa M-Pesa. Hutajenga nyumba. Utanunua maiki ya tatu.

Binti wa Dramu

Mrejesho, wadau. Tumekaa kikao. Mwimbaji ataenda Nairobi kurekodi wimbo wake mmoja, peke yake, na hatutamnunia. Albamu inabaki na injini, na prodyuza amekataa kuichanganya tu, kwa hiyo @Fundi Sauti nakuandikia faraghani. Kijana wa orutu sasa ana fungu sawa na letu, tumeandika na ametia sahihi.

Jumapili nikaenda kwa Dani na kilo mbili za sukari. Nikamwekea simu sikioni. Akasikiliza mpaka mwisho, akataka arudishiwe nyuma, akacheka, kisha akakataa. Anasema hiyo kumi ni ya zamani, mjomba sasa anatoza kumi na tano, na tukiitoa ilivyo watu watamwona mjomba mtu wa huruma. Anataka arekodiwe upya na bei ya sasa. Tunaenda Jumamosi, na ameagiza injini iwe inawaka.