Kuna faida gani kumlipa mwongoza watalii wa peke yetu katika mahekalu na makaburi ya Luxor na Aswan?

Chapakazi

Wanajamvi, nawasalimu. Mwezi wa Januari, Mungu akipenda, mimi na mama yangu mzazi tutakuwa Misri kwa siku tisa, na tano kati ya hizo tumezitenga kwa ajili ya mahekalu na makaburi ya kale kuanzia Luxor hadi Aswan. Mama ana miaka 68, anapenda historia kuliko mimi, ila goti lake la kulia halipatani na ngazi.

Nimepokea mapendekezo mawili. La kwanza ni kujiunga na kundi la watu wapatao thelathini ndani ya basi moja, lenye ratiba ya maeneo kumi na manne. La pili ni ziara binafsi, yaani gari, dereva na mwongoza watalii wetu sisi wawili tu, kwa gharama inayozidi mara mbili ya ile ya kwanza.

Kinachonitatiza ni kwamba nimesoma kuwa ndani ya makaburi ya Bonde la Wafalme, walikozikwa mafarao huko Luxor, mwongozaji haruhusiwi kutoa maelezo. Ikiwa ndivyo, huyu ninayemlipa atazungumza wapi? Naomba pia kujua ni makaburi yapi mama anaweza kuyaingia bila kuumia.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Chapakazi, ulichosoma ni kweli. Njia za makaburini ni nyembamba, kundi likisimama kusikiliza mhadhara wengine hawapiti, na unyevu wa pumzi za watu wengi hudhuru rangi za kutani. Kwa hiyo mwongozaji hufanya kazi yake nje, kabla hamjaingia, na hapo ndipo unapoona tofauti kati ya mwenye elimu na mwenye maneno tu.

Nikupe mfano wa kaburi la farao Ramses VI, namba KV9 (KV ni kifupi cha Kiingereza cha Bonde la Wafalme). Mwongozaji wetu alitukalisha kivulini, akachora daftarini mara mbili umbo la mwanamke mrefu, mgongo kwa mgongo, kisha akatueleza kuwa huyo ni Nut, mungu wa kike wa mbingu, ambaye jioni hulimeza jua, nalo husafiri ndani ya mwili wake usiku kucha hadi alfajiri anapolizaa upya. Alituagiza kwamba tukifika chumba cha mwisho tuinue macho na kulifuata jua mwilini mwake, duara moja baada ya jingine, kutoka kinywani. Tulipofika, kundi kubwa lilikuwa limejaa pale, wakapiga picha za dari hiyo na kuondoka kabla ya dakika tatu. Sisi tulisimama shingo zikauma. Njiani kurudi tulitazama pia maandishi ya wageni Wagiriki na Warumi waliokwaruza majina yao kutani zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita, jambo ambalo bila kuambiwa ningelidhani ni uharibifu wa juzi.

Kuhusu goti: tiketi ya kawaida ya Bonde la Wafalme humruhusu mgeni kuingia makaburi matatu kati ya yale yaliyo wazi siku hiyo, na makaburi machache, likiwamo la Ramses VI, yana tiketi zake za ziada. Kwa mama ningechagua Ramses IV (KV2) na Ramses IX (KV6), ambayo njia zake ni pana na mteremko wake ni wa taratibu, kisha niongeze KV9. La Thutmose III (KV34) asiliguse kabisa, kwa sababu ni lazima upande ngazi za chuma hadi kwenye ufa wa mwamba ndipo uanze kushuka tena chini. La Seti I, ambalo mvumbuzi Mwitaliano Belzoni alilifungua mwaka 1817, ndilo zuri kuliko yote kwa maoni yangu, lakini lina kina kirefu na ngazi nyingi, na tiketi yake ni ghali sana. Kutoka langoni hadi karibu na makaburi kuna magari madogo ya umeme. Mama asione haya kuyapanda.

Mama Nuru

Mwanangu Chapakazi, namuunga mkono Mwalimu, lakini nikuonye jambo moja ambalo wengi husahau. Ziara kuwa binafsi hakumaanishi kwamba siku ni yako. Sisi tulilipa kampuni moja, ambayo sitaitaja, fedha nzuri kwa ajili ya siku nzima katika ukingo wa magharibi wa Luxor. Saa moja na nusu ya siku hiyo tuliimaliza katika karakana ya vinyago vya alabasta, na dakika arobaini katika duka la karatasi za mafunjo, tukinyweshwa chai huku kila mwenye duka akitushawishi kununua. Tulipofika hekalu la Ramses III huko Medinet Habu, jua lilikuwa la utosini na mwongozaji alikuwa na haraka. Yeye hupata kamisheni kwa kila unachonunua. Kabla ya kulipa chochote, mwandikie kwamba hutaki duka hata moja, na ajibu kwa maandishi.

Medinet Habu, nikiri, ndipo mahali nilipopapenda kuliko hekalu kubwa la Karnak lenyewe. Michongo yake imechimbwa kwa kina hivi kwamba kiganja kizima kinaweza kuzama ndani ya herufi moja, na kuna ukuta unaoonesha makarani wakihesabu marundo ya mikono iliyokatwa ya maadui. Watu si wengi, na ardhi yake ni tambarare kwa sehemu kubwa.

Kaburi la farao Tutankhamun usilitegemee mno. Mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter alilipata Novemba 1922 na dunia nzima ikazizima, lakini lenyewe ni dogo, hazina zake zimehamishwa, na ni chumba kimoja tu kilichochorwa. Hata hivyo mumia yake, yaani maiti iliyokaushwa, bado imo, ndani ya sanduku la kioo, na kutani kuna nyani kumi na wawili waliopangwa safu. Mwombe mwongozaji akueleze pia kuhusu mzee Ay, ambaye amechorwa akiwa amevaa ngozi ya chui na kumfanyia marehemu ibada ya kufungua kinywa, ya kumrudishia uwezo wa kula na kusema, ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyerithi kiti cha ufalme. Mimi nilielezwa nikiwa hotelini, baada ya kutoka. Iliniuma.

Jiwe la Pembeni

Naomba nitofautiane kidogo na walionitangulia. Mtu aliyesoma vizuri kabla ya safari anaweza kulizunguka hekalu la Luxor au la Edfu peke yake bila kupungukiwa sana. Edfu lilianza kujengwa mwaka 237 KK, likakamilika mwaka 57 KK, na limesalia karibu zima, kwa hiyo macho yenyewe yanakueleza kipi ni ua, kipi ni ukumbi na wapi ni patakatifu. Palipobomoka au kurekebishwa mara nyingi ndipo unapohitaji mtu. Karnak, kwa mfano, kila mtu hustaajabia nguzo 134 za ukumbi mkuu, lakini ni wachache wanaotambua kwamba sehemu ya chini ya obeliski (mnara wa jiwe moja wenye ncha) ya Hatshepsut, malkia aliyetawala kama farao, ina rangi tofauti na ya juu kwa sababu wakati fulani ilizungushiwa ukuta ili isionekane.

Kuna kipimo changu cha kumjua mwongozaji, nacho hakina gharama. Katika hekalu la Seti I lililoko Abydos, juu ya boriti moja ya jiwe, kuna maumbo ambayo mitandaoni husemwa kuwa ni helikopta na manowari. Ukweli ni kwamba herufi za kwanza, za wakati wa Seti, zilizibwa kwa lipu ili wakati wa mwanawe Ramses II zichongwe nyingine juu yake, na lipu ilipodondoka herufi za awali na za baadaye zikabaki zimepandana. Muulize mwongozaji wako kuhusu hiyo helikopta kabla hamjakubaliana bei. Akianza kukusimulia marubani wa kale, mshukuru na umtafute mwingine. Muulize pia kama ana leseni ya wizara inayosimamia utalii na mambo ya kale, kwa kuwa bila leseni haruhusiwi kuongoza watu humo.

Chapakazi

Nawashukuru sana, wazazi na ndugu zangu. Mama amesomewa majibu yote na ameniuliza mambo mawili ambayo nayaleta kwenu. La kwanza, je, mahekalu ya Abu Simbel yanastahili kuamka saa tisa za usiku? La pili, anataka kuona michongo ya safari ya kwenda nchi ya kale ya Punt katika hekalu la Hatshepsut, na amesikia kwamba ngazi za hapo ni ndefu.

Mama Nuru

Mwambie shikamoo yake nimeituma. Deir el-Bahari, lilipo hekalu hilo la Hatshepsut, si ngazi kali kama anavyohofia. Ni njia pana za mwinamo zinazopanda kutoka ghorofa moja hadi nyingine, ila hazina kivuli, kwa hiyo muwe langoni linapofunguliwa asubuhi. Michongo ya Punt iko ghorofa ya pili, upande wa kushoto mnapolikabili hekalu, nayo imefifia kiasi kwamba asiyeoneshwa hupita bila kuiona. Mama atafute nyumba za Punt zilizoinuliwa juu ya nguzo na kupandwa kwa ngazi, pamoja na miti ya manemane iliyobebwa ndani ya makapu na mizizi yake.

Muwe pia na noti ndogondogo za pauni za Misri. Walinzi wenye kanzu watawaonesha pembe fulani kwa tochi, kisha watasubiri bakshishi. Ni hiari yenu, lakini msipotaka, kataeni kabla hawajawasha tochi.

Mwalimu Mstaafu

Abu Simbel iko takriban kilomita 280 kutoka Aswan kwa barabara, na huko nako mwongozaji hueleza nje. Kwangu mimi inastahili, kwa sababu mbili. Sanamu nne za Ramses II, kila moja yenye urefu wa mita zipatazo 20, hazifanani na picha zozote. Pia, mlima mzima unaouona nyuma yake ni wa kutengenezwa: kati ya mwaka 1964 na 1968 hekalu lilikatwa vipande na kupandishwa takriban mita 65 ili lisimezwe na maji ya bwawa la Aswan. Mkiwa na gari lenu mnaweza kulala Abu Simbel usiku mmoja na kuingia magari ya Aswan yakiwa bado njiani. Hilo basi la watu thelathini haliwezi.

Philae, hekalu lililo kisiwani karibu na Aswan, ndiko pa kuangalia goti, kwa sababu mtapanda na kushuka mashua ndogo. Mama ashikwe mkono wa pili pia, na mpatane bei ya mashua kwenda na kurudi kabla haijang'oa nanga. Huko, kwenye lango la Hadrian, mfalme wa Roma, kuna maandishi ya mwaka 394 BK, ambayo ndiyo ya mwisho ya hieroglifi (herufi za picha za Wamisri wa kale) yanayojulikana kwa tarehe yake.

Chapakazi

Tumeamua. Tunachukua ziara binafsi, tunapunguza maeneo kutoka kumi na manne hadi manane, na usiku mmoja tutalala Abu Simbel. Leo jioni namwandikia mwongozaji barua yenye sharti la kutopelekwa madukani na swali la helikopta. Mama, kwa upande wake, ameanza kutafuta miwani yake ya mbali kwa ajili ya dari ya Ramses VI.