Mashine ya boti ya mipigo miwili: tuamini mlio, plagi au kipimo cha kompresheni?

MvuviWete: Assalamu alaikum ndugu zangu. Nimenunua Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40, silinda mbili, iliyokwisha kutumika. Ikiwa bila gia hurukaruka mapigo, lakini nikiongeza moto (yaani nikifungua petroli zaidi) hutulia. Fundi mmoja ameisikiliza akasema ni nzima, wa pili amechomoa plagi akasema ni mbovu, na wa tatu hataki kusema lolote kabla ya kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Nataka kuvuka Mkondo wa Pemba nayo, kwa hiyo naomba mnieleze ipi kati ya njia hizi ni ya kutegemewa.

FundiKilwa: Kaka, mlio wa mashine isiyo kwenye gia ni ushahidi dhaifu. Mashine ya mipigo miwili yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), inapozunguka polepole, haitoi moshi wote wa mlipuko uliotangulia, hivyo pigo moja huwaka na jingine hupita bila kuwaka. Huo si ugonjwa. Isikilize ikiwa na watu na mzigo, ukiongeza moto taratibu. Ikikohoa katikati, kuna jambo. Mlio ukipanda ghafla na mwendo usiongezeke, kagua propela kwanza.

BiShimoni: Mimi sikio siliamini hata kukiwa na mzigo. Mashine inayokosa petroli ya kutosha huweza kulia vizuri kabisa huku inaungua. Mashine yangu moja ililia hivyo. Nilipochomoa plagi, ya juu ilikuwa na rangi ya kahawa ya maziwa, ya chini nyeupe kama chokaa, na juu ya kauri yake kulikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa, ambavyo ni aluminiamu ya pistoni iliyoanza kuyeyuka. Kabureta ya silinda hiyo ilikuwa imeziba. Lakini plagi isomwe baada ya kwenda kwa moto wote na kuzima papo hapo, kwa sababu ukirudi polepole hadi gatini masizi ya mwendo mdogo yatafunika rangi hiyo.

FundiTanga: Nakubaliana na dada, ila plagi hueleza namna moto unavyowaka, haielezi uzima wa ringi za pistoni. Kwa mashine iliyokwisha kutumika ningetanguliza kompresheni: mashine iwe imepata joto, plagi zote zichomolewe na waya zake ziguse chuma cha injini, moto ufunguliwe wote, kisha ufunge kipimo penye tundu la plagi na uvute kamba hadi mshale wake usipande tena. Vipimo hutofautiana, kwa hiyo usiishikilie sana namba yenyewe. Angalia tofauti baina ya silinda, na ikizidi asilimia 10, usivuke.

MvuviWete: Ahsanteni sana. Leo nimepata paundi 118 juu na 115 chini, nikashusha pumzi. Plagi zote mbili ni nyeusi na zimelowa. Nimegundua sababu: nilikuwa nikitia lita nzima ya oili katika dumu la lita 20 za petroli, ilhali kitabu kinataka 50 kwa 1, yaani mililita 400. Nimechanganya upya na kutia plagi mpya. Kesho alfajiri naipeleka nje na mzigo, na plagi nitazisoma hukohuko baharini.

BiShimoni: Chukua makasia, na mwenzio mwenye boti awe karibu.