BattleTech mmetuibia miaka 65 ya siasa, na nimemtukana mzee wa watu bure

Wakuu salaam. Leo nina hasira na naomba mnivumilie, uzi utakuwa mrefu.

Iko hivi. Kuna mzee anauza vitabu vya mitumba, anatandika chini pembeni ya barabara, nimechukua kwake riwaya za BattleTech (gemu ya mezani ya vita vya maroboti huko kwenye nyota miaka ya mbele, ina na riwaya zake) moja moja kama miaka miwili, akipata ananiwekea. Mwezi uliopita kaniambia haya kijana nimekukusanyia zote nilizoweza, nikamaliza deni, nikafika geto nikazipanga chini kwa kufuata miaka ya hadithi. Moja inaishia 3067. Inayofuata inaanza 3132. Nikahesabu tena. Miaka 65 haipo! Nikajua tayari nimepigwa, kesho yake asubuhi na mapema nikamwakia yule mzee mbele za wateja wake, nikamwambia vya katikati umewauzia wengine mimi umeniachia makapi. Kumbe masikini ya Mungu hana kosa lolote, ni wenyewe waliotunga ndio walioruka.

Kwa ambao hamjui haya mambo na mnadhani ni maroboti ya watoto, kaeni hapo niwaambie tumeibiwa nini.

Hii dunia ina koo tano kubwa, Davion, Steiner, Kurita, Liao na Marik, zinagombea kiti kimoja tangu 2786 na hakuna aliyekipata. Wamepigana mpaka wamelipua viwanda vyao wenyewe, kwahiyo meki (yale madude ya vita yenye miguu, madogo yana tani 20 makubwa tani 100) mtu anairithi kwa babu yake kama shamba la ukoo, akiipoteza vitani ndo basi tena, heshima imeisha, kwenye magenge ya marubani anaongea na nani? Halafu juu ya wote wapo ComStar, wenye mitambo ya mawasiliano kati ya nyota na nyota. Yaani chukua shirika la simu lile la zamani la kupanga foleni, lifanye dini, mafundi wavae majoho na wasome dua ndo waunganishe laini, halafu wawe wanasoma barua za wafalme wote. Hao ndo wanaojua nani anamzunguka nani.

Sasa mchukue Hanse Davion, yule wanayemwita Mbweha. Agosti 3028 anamuoa Melissa Steiner, harusi inafanyika hapa hapa Duniani, wakubwa wote wamealikwa, na Maximilian Liao mwenyewe kakaa kwenye meza ya wageni. Bwana harusi anasimama anamwambia bibi harusi zawadi yako mpenzi ni nchi ya Liao. Yote! Na muda huohuo majeshi yameshaondoka. Liao alipoteza karibu nusu ya sayari zake. Nilisoma hiyo kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Na msidhani mbwembwe za harusi tu, chini yake kuna kazi. Shemeji yake Davion, Michael Hasek-Davion, alikuwa anauza siri kwa Liao, Davion anajua, anamwacha, anamlisha siri za uongo akazipeleke. Kuna na Justin Allard, rubani aliyehukumiwa uhaini akafukuzwa nchini, mkono mmoja wa chuma, akaenda kupigana kwenye viwanja vya Solaris wanakobeti watu, na meki yake ya tani 50, akawa nyota mpaka majasusi wa Liao wakamwajiri, binti wa Liao akampenda. Vitabu viwili nimemchukia yule jamaa mimi. Kumbe kesi yote ilikuwa geresha na baba yake mzazi ndiye mkuu wa ujasusi wa Davion! Kila ngumi aliyopiga kule Solaris ilikuwa ni barua ya kuomba kazi kwa adui. Ndo maana nasema meki bila siasa ni vyuma vinagongana tu.

Hata mapigano yenyewe yana akili. Rubani amekaa ndani na kaptura na kizibao cha kupoza mwili kwa sababu kule ndani ni tanuri, ukifyatua silaha zote kwa mpigo joto linapanda, mtambo unajizima umesimama katikati ya maadui, likizidi zaidi risasi zako mwenyewe zinakulipukia tumboni. Kwahiyo kila risasi ni hesabu. Pale Tukayyid 3052 jeshi la ComStar likakutana na koo saba za Clan (sio zile tano, hawa ni wavamizi kutoka mbali), watu wenye meki bora kuliko za kila mtu ila wana mila ya kunadi vita kinyumenyume, anayeahidi kwenda na jeshi dogo zaidi ndo anapewa nafasi. Focht, jenerali wa ComStar, akaliona hilo, akafanya vita iwe ndefu mpaka risasi zikawaishia. Akapata miaka 15 ya kupumua. Mila ya siasa ya mtu ndo imemuua uwanjani, mmeona inavyoungana?

Haya. Njoo 3067. Vita vya ndugu vya Victor na dada yake Katherine, watoto wa Mbweha na Melissa, vimeisha, waumini wenye msimamo mkali waliojitenga na ComStar wanasubiri kukaribishwa kwenye umoja mpya wa mataifa, umoja unavunjwa mbele ya macho yao, wanapandwa na wazimu wanaanza kumwaga nyuklia kila upande. Umekaa sawa kwenye kiti, umefungua kitabu kinachofuata, na... 3132. Eti kuna mtu anaitwa Devlin Stone, katokea kambi ya wafungwa, aliwashinda wale waumini, akaziomba zile koo zimpe sayari zinazoizunguka Dunia zikampa, akawaambia wapunguze meki wakapunguza.

WAKAPUNGUZA?? Watu waliochinjana karibu miaka 300 kwa sayari moja yenye kiwanda kimoja? Kikao hicho kilikaa wapi? Nani alinuna, nani alihongwa? Hicho ndo kitabu nilichokuwa nakitaka mimi, ndo kimerukwa! Wameenda kukimwaga kwenye vitabu vya kuchezea gemu, vipande vya taarifa ya habari, ramani na majedwali ya vikosi, ujiokotee mwenyewe kama unaokota dagaa kwenye mchanga. Huko baadaye wametia viraka viwili vitatu, lakini kiraka ni kiraka.

Na huko 3132 sasa! Kwanza mitambo ya mawasiliano imekufa karibu yote kwa mpigo, kwahiyo ile fitna ya barua na siri ndo imezimwa swichi. Pili meki za vita karibu hakuna, watu wanapigana na meki za kulimia na kukatia magogo zilizofungwa bunduki. Matrekta wakuu. Nimetoka kwenye harusi ya Mbweha nimekuja kwenye ugomvi wa matrekta.

Najua atakuja mtu hapa na "mkuu FASA ilifunga 2001 ulitaka wafanyeje", FASA ndo kampuni iliyoitunga BattleTech. Najua. Najua pia kampuni iliyoleta huo mruko 2002 ilikuwa ya Jordan Weisman, mmoja wa waanzilishi haohao wa FASA, na walikuwa na vinyago vipya vilivyopakwa rangi tayari wanataka kuviuzia wateja wapya wasiojua nani ni nani. Biashara sawa. Ila huwezi kumfuta mama, baba na babu ukaniletea mjukuu uniambie nimpende.

Mwenye hivyo vitabu vya gemu vya 3067 mpaka 3081 (miaka ya vita ya wale waumini) aje inbox, hata kama vimechanika nachukua. Kwa yule mzee siwezi kuagiza tena, jana nimepita kumwomba radhi, kanitazama, akageuka akaendelea kufuta vumbi kwenye kamusi.