Shahada ya elimu ya jamii kutoka Scotland: naitambulishaje Zanzibar?

Upepo_wa_Mkoani:
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nina BA Honours ya Community Learning and Development, miaka minne, kutoka chuo kikuu kimoja cha Scotland. Kozi imeidhinishwa na CLD Standards Council, baraza la taaluma yetu kule, na nimesajiliwa nalo. Nataka kuomba kazi ya elimu ya watu wazima hapa Pemba. Nani anaitambua shahada hii? Usajili wa baraza una uzito wowote? Na transkripti imeandikwa "level 10"; watu wananiuliza kama hiyo ni PhD.

Mizani:
Waalaykum salaam ndugu yangu. Shahada ya nje inatambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na hilo halibadiliki kwa kuwa uko Zanzibar. Lakini nianze na hiyo "level 10", maana ndiyo inayowaangusha wengi.

Mfumo wa Scotland una ngazi 12. Honours ni ya 10, uzamili 11, uzamivu 12. Kwetu shahada ya kwanza ni ngazi ya 8, uzamili 9, uzamivu 10. Kwa hiyo 10 yako ni 8 yetu. Hatari kubwa iko upande wa pili: stashahada ya juu ya kule, ya miaka miwili, ni "level 8". Mtu anaiona 8, anaijaza kwenye fomu kama shahada, halafu anaonekana mdanganyifu ilhali kasoma kihalali.

Usilinganishe namba za ngazi, linganisha krediti. Kule na hapa krediti moja ni saa 10 za masomo. Honours ni krediti 480, shahada ya kawaida ya miaka mitatu 360, stashahada hiyo 240. Yaandike haya kwenye barua ya ukurasa mmoja uiambatanishe na maombi, usimwachie mtathmini akisie.

Bi_Karafuu:
Naongeza la mafunzo kwa vitendo. Katika fani hii ni sehemu kubwa ya shahada, lakini transkripti huandika jina la moduli na krediti tu. Msomaji haoni kama ulikaa miezi na vikundi vya vijana au ulisoma kitabu. Kiandikie chuo wakupe maelezo ya moduli: saa za vitendo, aliyekusimamia, ulivyopimwa. Sisitiza toleo la mwaka uliosoma wewe, kwani vyuo hubadilisha moduli, na maelezo yasiyolingana na transkripti huzua maswali mapya.

Vyeti vya skuli navyo viweke, kidato cha nne na cha sita kama unacho. Ulivyoingia chuo navyo huangaliwa.

Hati_Safi:
Majina, dada! Cheti cha skuli "Hamis", pasipoti "Khamis", transkripti ina majina mawili badala ya matatu. Kwa macho ya mtathmini hao ni watu watatu. Tengeneza hati ya kiapo inayotaja kila namna jina lilivyoandikwa na kwenye hati ipi, kabla hujawasilisha chochote.

Vyuo vingi vya Uingereza huthibitisha shahada kupitia HEDD, huduma ya mtandaoni ya kuhakiki shahada, na huko ridhaa ya mhitimu inahitajika. Isaini mapema, bila hiyo anayehakiki hapewi jibu.

Mizani:
Kuhusu baraza: usajili ni uanachama wa taaluma, si tuzo ya chuo, kwa hiyo usitarajie TCU iupime. Thamani yake ni kwa mwajiri. Baraza lina maeneo saba ya umahiri, miongoni mwake kuijua jamii, kuiwezesha, kusimamia rasilimali na kutathmini kazi. Kwenye barua ya kazi usiandike "nimesajiliwa" ukaishia hapo. Chukua kila eneo ulihusishe na kazi ya hapa, mfano kuendesha darasa la kisomo au kufanya kazi na sheha na kamati ya shehia.

Upepo_wa_Mkoani:
Allah awalipe kheri. Mwenzangu aliishia kwenye hiyo ya krediti 240. Aende TCU pia?

Bi_Karafuu:
Aanzie NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, wao ndio wa stashahada na vyeti vya chini yake. Kwenye fomu za kazi ajaze stashahada. Akitaka kumalizia shahada, asiitupe transkripti: vyuo vya Scotland huweza kumpokea mwenye krediti 240 akaingia mwaka wa tatu, ila aulize kwanza kama kozi yake inaendana na wanayofundisha.