UKOO WA BABU 🎄 Krismasi Marangu

Mama Glory, 07:12
Bwana Yesu asifiwe wanaukoo. Nimeongea na mwenye Kosta. Tunaondoka Dar tarehe 23 saa 11 alfajiri, Mbezi Louis, nje ya stendi. Siyo usiku, narudia, siyo usiku. Mtu mzima elfu 70, mtoto nusu, ila KILA MTOTO NA SITI YAKE. Hakuna kupakata. Naomba majina leo.

Mama Glory, 07:15
Jana nilikwenda kuiona gari gereji. Tairi mbili za nyuma hazina kashata kabisa, vipara. Mtungi wa kuzimia moto upo ila mshale umelala kwenye nyekundu. Nimemwambia asipobadilisha vyote hivyo hatupandi. Na madereva wawe wawili, wa kwanza akifika Mombo ampokeze mwenzake.

Mama Glory, 08:40
Mmesoma 19. Kimya.

Aneth, 08:52
Amina shangazi 🙏

Baba Prosper, 09:55
Amina dada. Sie wa kazini tunatoka saa 11 jioni tarehe 22. Kwa nini tusiondoke usiku huohuo saa 2? Barabara nyeupe, alfajiri tuko Himo tunakunywa mtori.

Deo, 09:56
Mtori wa Himo 😋

Neema, 09:58
Prosper na tumbo tangu ubatizo wa Careen 😂

Deo, 09:58
Alimaliza shingo ya mbuzi peke yake 😂😂😂

Neema, 09:59
Na akabeba na ndizi

Mama Glory, 10:03
Jamani tusitoke kwenye mada. Prosper, usiku hakuna barabara nyeupe. Lori likiharibika linaachwa hapohapo bila taa, wanaweka matawi ya miti barabarani basi, ndiyo alama. Ukitoka Mkomazi kwenda Hedaru njia imenyooka, mtu aliyeshinda kazini anasinzia macho wazi. Na mabasi yakianza kushindana pale, wewe na Noah yako unakwenda wapi?

Baba Prosper, 10:10
Dada hii njia naijua kona kwa kona.

Mama Glory, 10:11
Na ajali ya Mombo?

Baba Prosper, 10:12
Mombo ilikuwa tairi. Haikuwa usingizi.

Mama Careen, 11:20
Kwa kuwa Mombo mmeitaja wenyewe. Aliyelipa breki dauni mpaka Korogwe na fundi ni mimi. Niliambiwa tutamalizana Krismasi. Krismasi ngapi zimepita? Hela yangu ya Kosta naikata humohumo.

Baba Prosper, 11:24
Shemeji hayo si tuyaongee pembeni

Mama Careen, 11:24
Pembeni ndiko yalikofia.

Glory, 11:40
Mama, kuogelea Chemka tarehe 26 ipo??

Mama Glory, 11:46
Mtu mzima asiyeonja hata kikombe kimoja cha mbege akae ukingoni, ndipo ipo. Yale maji ni meupe mpaka unaona mizizi chini, unadhani ni ya magotini kumbe yanakuzidi kimo. Na ile kamba ya kurukia, wewe na Aneth msiiguse.

Glory, 11:47
😭😭

Shangazi Ndeshi, 13:05
Mama Glory mwanangu nimeshatuma elfu 70 yangu. Jina limekuja la mwanamume nikajua ndiye mwenye gari

Mama Glory, 13:06
Shangazi umetuma wapi?? Mimi sijatoa namba yoyote!

Shangazi Ndeshi, 13:09
Ile meseji yako ya asubuhi. "Ile hela itume kwenye namba hii"

Mama Glory, 13:09
Siyo yangu Shangazi, huo ni wizi! Piga 100 sasa hivi waizuie, usimalize hata chai. Ukishaongea nao, hiyo meseji ipeleke 15040.

Neema, 13:12
Pole Shangazi. Hawakujui hata jina, wanatuma kwa maelfu ya watu. Msimu huu kila mtu kuna mahali anatakiwa kutuma hela, akiiona meseji anadhani ndiyo aliyokuwa anaisubiri.

Deo, 13:13
Nao wanatafuta nauli ya kwenda kwao 😂

Mama Glory, 13:14
Deo. Hiyo ni hela ya vitunguu, kavipanga fungu kwa fungu.

Deo, 13:20
Samahani sana Shangazi. Nakuja jioni hapo kwako.

Shangazi Ndeshi, 13:51
Wamesema nyingine imeshatolewa. Imebaki elfu 32 wameishikilia, nisubiri

Mama Glory, 13:53
Wote mnisikie. Hela ya Kosta haitumwi popote mpaka NIWAPIGIE na msikie sauti yangu. Na mkiondoka nyumbani fungeni mtungi wa gesi kwenye koki, siyo kwenye jiko tu. Picha za safari mpost mkisharudi, wezi nao wana simu.

Babu, 16:31
🎤 Ujumbe wa sauti 2:08

Aneth, 16:44
Babu kaniambia niwaandikie wasioweza kusikiliza. Anasema:
"Wanangu, nimesomewa yote. Mwaka tuliompoteza Elia barabarani, simu ilinikuta namfunga mbuzi mgombani. Mbuzi yule aliliwa na waombolezaji. Mwaka 2025 pale Sabasaba, Same, basi na Kosta vimegongana vikashika moto, na ilikuwa jioni, si usiku. Sasa nyie mnanitafutia usiku wa nini? Kitanda hakikimbii. Atakayetoka Dar usiku asinipigie nimfungulie geti. Na deni la Mombo lilipwe kabla ya tarehe 25. Sitalisikia tena mezani kwangu."

*Baba Prosper amefuta ujumbe huu*

Mama Glory, 17:29
Asante Baba. Tumesikia.

Shangazi Ndeshi, 17:30
Kaka umesema

Neema, 17:34
🙏

Baba Prosper, 18:02
Nimesikia Baba. Nimeomba ruhusa ya tarehe 23, bosi hajajibu. Akikataa nitapanda basi la asubuhi tarehe 24.

Mama Glory, 18:05
Basi la asubuhi sawa, ila kata tiketi leo, ofisini kwao. Usingoje wapiga debe tarehe 23, watakupandisha kwenye gari usiyoijua kwa bei wanayotaka.

Baba Prosper, 18:06
Ntaona

Mama Glory, 18:07
Utaona nini? Na la Mombo?

Mjomba Tegeta, 19:48
Habari za jioni, ndio naziona. Sisi Tegeta kuja Mbezi saa 11 na watoto ni kulala njiani. Tukipita Bagamoyo tuwakute Msata haiwezekani?

Mama Glory, 19:52
Mjomba shikamoo. Wazo zuri, shida ni mtasimama wapi na watoto kabla hakujapambazuka? Barabarani pale sitaki. Mkipata mahali pa kukaa ndani nitamwambia dereva asimame. Nijibu kesho, mwenye gari anataka laki 5 ya kushikilia kabla ya saa 6 mchana na mpaka sasa nina majina 11.

Mjomba Tegeta, 19:58
Marahaba. Ngoja niongee na mke wangu

Shangazi Ndeshi, 20:15
Mama Glory, mimi sasa nalipa tena?

Mama Glory, 20:17
Hapana Shangazi. Siti yako ni ya pili nyuma ya dereva, mkanda wake nimeuvuta mwenyewe, unashika.

Mama Careen, 20:19
Na hiyo 70 ya Shangazi inatoka wapi, wifi?