Msaada wa haraka: "table" kwenye barua ya biashara maana yake nini?

Binti_Newala: Habari za jioni wakuu. Kikundi chetu kinabangua korosho. Tulimpelekea bei mnunuzi wa nje, leo kajibu: "We have tabled your offer." Kamusi yangu inasema ni kuwasilisha jambo lijadiliwe. Si ndiyo tumeingia? Naombeni ushauri, roho haijatulia.

Mwl_Masasi: Kamusi iko sawa, dada. Hata bungeni Dodoma kuna hati za kuwasilisha mezani. Asili ni Kilatini, tabula, yaani ubao. Mbunge wa Uingereza aki-"table" hoja, anaileta ijadiliwe.

Kaka_Shangani: Mnunuzi ni wa nchi gani?

Binti_Newala: Mzungu tu. Kwani inahusu?

Kaka_Shangani: Inahusu sana. Taja nchi.

Binti_Newala: Marekani, Chicago.

Kaka_Shangani: Pole. Kwa Mmarekani hilo neno ni kuweka kando. Churchill ameeleza kwenye kumbukumbu zake za Vita vya Pili: maofisa wa Uingereza walitaka ku-"table" hati ijadiliwe upesi, Wamarekani wakaelewa inafungiwa kabatini. Walibishana kwa ukali, kumbe wote walitaka kitu kimoja.

Binti_Newala: Lakini hajakataa! Na nimeshakopa vikoba, mashine ya kufungashia imenunuliwa. Ningekaa tu nisubiri?

Bi_Mikindani: Mwanangu, mkopo kabla ya mkataba? Mimi nimebangua hadi mafuta ya maganda yakanibabua vidole, na majivu nilipaka. Mnunuzi wetu alisema "tutawasiliana", akapotea. Akina mama wanadai ujira wao, hawadai Kiingereza.

Mtata_Lindi: Hadithi ya kutunga hii. Korosho za Kusini zinakwenda mnadani kwa stakabadhi ghalani, kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Huyo wa Chicago katokea wapi?

Binti_Newala: Mnada ni wa korosho ghafi, kaka. Zetu zimebanguliwa, daraja la W320, punje 300 hadi 320 kwa ratili.

Mtata_Lindi: Hayo yamejaa mtandaoni. Weka sentensi nzima, majina ficha.

Binti_Newala: "We have tabled your offer until next quarter."

Mwl_Masasi: Mbona hiyo "hadi robo ijayo" uliikata? Nisingekujibu vile. Hapo ameahirisha, hakuna ubishi.

Binti_Newala: Niliona shida ni lile neno moja. Na robo ijayo si mbali, kazi sisimamishi.

Mtata_Lindi: Sawa, nimekuamini. Mtu wa kutunga asingeficha kipande kinachomuumbua.

Kaka_Shangani: Mwandikie leo. Muulize ataamua tarehe gani, na kama bei ndiyo kikwazo. "Table" usiiguse. Ukitaka kujadili andika "discuss", kuahirisha andika "postpone". London na Chicago wanayaelewa sawa.

Binti_Newala: Naandika sasa hivi. Asanteni.

Bi_Mikindani: Zilizokwisha kubanguliwa ni kilo ngapi, na bei gani? Mjukuu wangu anauza pale stendi ya Mtwara, anaweza kuchukua kidogo mpate cha kuwalipa wabanguaji.